Taka za Tunduru zinaweza kutoa umeme? Kikwazo ni maji

Angalia rundo la taka pale sokoni wakati wa masika: maganda ya ndizi, mboga zilizooza, maembe, chupa chache za plastiki. Vyote vimelowa. Wengi huuliza, kwa nini tusizichome tupate umeme?

Kuchoma kunawezekana. Umeme ndio hesabu ngumu.

Tanuri la kisasa huchoma taka kwa nyuzi joto 850 au zaidi. Joto huchemsha maji kwenye boila, na mvuke wake huzungusha mtambo wa umeme. Lakini moto huanza kwa kukausha taka, na kila kilo ya maji inameza takriban megajuli 2.5.

Mwongozo wa Benki ya Dunia unataka kilo ya taka itoe wastani wa megajuli 7 kwa mwaka, na isishuke chini ya 6 msimu wowote. Mabaki ya chakula ambayo asilimia 70 ni maji hubakiza kama megajuli 3 tu. Hapo utalazimika kuongeza dizeli ili moto usizime.

Hata taka zikiwa kavu, umeme ni kama robo tu ya joto lote. Jiji la Copenhagen hupeleka joto linalobaki majumbani kupitia mabomba. Tunduru nani anahitaji kupashiwa nyumba joto?

Ukubwa nao ni muhimu. Ethiopia ilizindua mtambo wa Reppie mwaka 2018, jirani na dampo la Koshe, ambako maporomoko ya taka ya Machi 2017 yaliua watu zaidi ya 110. Ulisanifiwa kuchoma tani 1,400 kwa siku. Addis Ababa ina mamilioni ya watu. Mji wa wilaya hauna taka hizo.

Kwa mji kama Tunduru, cha kuanza nacho ni kutenganisha: mabaki ya chakula yawe mboji, makavu yabaki peke yake. Maganda ya korosho huwaka vizuri, na viwanda vya kubangua huyatumia kwenye boila. Ila usiyatie jikoni. Mafuta yake hutoa moshi mkali.

Akija mtu kuuza tanuri la umeme, muulizeni: masika litawaka kwa nini? Joto litatumika wapi? Na majivu, ambayo huweza kufikia robo ya uzito wa taka, yatamwagwa wapi?