Kasoro ya mistari miwili iliyoharibu funguo za kompyuta

MFANYABIASHARA anaponunua kufuli la ghala huamini kwamba ufunguo wake haufungui ghala la jirani. Kwenye kompyuta, imani hiyo iliwahi kuwa bure kwa karibu miaka miwili bila wenye mali kujua.

Kompyuta zinazolinda malipo na nyaraka za ofisi hutumia funguo mbili zinazotengenezwa pamoja. Ufunguo wa wazi hupewa yeyote anayetaka kukutumia ujumbe uliofungwa. Ule wa siri hubaki kwako, na ndio pekee unaoufungua.

Watengenezaji wa programu hawaziundi funguo hizo wenyewe. Hutumia maktaba ya programu, kama vile OpenSSL. Kwa mtindo wa RSA, maktaba huchagua namba tasa mbili kubwa na kuzizidisha. Ufunguo wa biti 2,048 hutoa namba yenye tarakimu 617, ambayo kompyuta za leo haziwezi kuirudisha kwenye zile mbili.

Hata hivyo, nguvu yote hiyo hutegemea namba hizo zichaguliwe kwa bahati nasibu.

Septemba 2006, katika mfumo wa Debian, mistari miwili ya OpenSSL iliondolewa kwa sababu programu ya ukaguzi iliilalamikia. Kumbe humo ndimo bahati nasibu ilimokuwa ikiingizwa. Kilichobaki ni namba ya utambulisho ambayo kompyuta huipa kila programu inayoendeshwa, isiyozidi 32,768.

Hivyo, kwa kila aina ya mashine na ukubwa wa ufunguo, jozi zilizowezekana hazikuzidi idadi hiyo. Mwizi angeweza kuzitengeneza zote, kisha akazijaribu moja moja.

Luciano Bello ndiye aliyegundua kasoro hiyo, na Debian ikaitangaza Mei 13, 2008. Mfumo wa Ubuntu, uliojengwa juu ya Debian, nao uliathirika.

Kurekebisha programu hakukutosha. Funguo zilizokwisha kutengenezwa zilibaki dhaifu, ikabidi zitupwe na vyeti vya tovuti vitolewe upya.

Kwa hiyo, mwenye biashara anayelipia mtandao amuulize fundi wake mambo matatu: maktaba gani imetengeneza funguo zake, lini, na ufunguo wa siri unatunzwa na nani. Fundi asiye na majibu asikabidhiwe ghala.