Siri ya baharini iliyoishia Uluguru

KUFUMBUA siri za adui ni nusu tu ya ushindi. Mwaka 1914, manowari ya Ujerumani, Königsberg, ilijificha katika delta ya Rufiji. Waingereza walinasa ujumbe wa mafumbo wa Wajerumani uliopitia simu ya upepo, wakaufumbua. Aprili 1915 wakaivizia meli Rubens, iliyobeba makaa ya manowari hiyo na silaha, wakaishambulia katika Ghuba ya Manza, Tanga.

Hata hivyo, hawakuhakikisha kwamba shehena imeteketea, Wajerumani waliiopoa. Königsberg ilizama Julai 11, 1915, lakini mizinga yake 10 ikahamishiwa nchi kavu. Morogoro ilipotekwa Agosti 1916, Wajerumani walirudi nyuma kupitia Uluguru wakiendelea kupigana, na wapagazi wa Kiafrika wakatwishwa mzigo wa vita.