Kutoka Purini hadi Jongo: Istilahi na Chanzo cha Maradhi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua umetaboli wa purini kwa kuzingatia istilahi zake. Hoja kuu ni kwamba jina la maradhi aghalabu hubeba nadharia kuhusu chanzo chake. Kwa hiyo, mfasiri wa maandishi ya afya hana budi kuielewa kemia iliyo nyuma ya jina kabla ya kuteua neno.

2.0 Purini na Njia Zake

Purini ni kampaundi zenye pete mbili zilizoungana ubavuni, moja ya atomi sita na nyingine ya atomi tano; kiini chake kina atomi tano za kaboni na nne za nitrojeni. Jina hili lilibuniwa na mwanakemia Mjerumani Emil Fischer mwaka 1884 kutokana na maneno mawili ya Kilatini, moja likimaanisha 'safi' na jingine likirejelea asidi ya yuriki. Asidi hiyo ilikwishatambuliwa na Carl Wilhelm Scheele mwaka 1776 katika vijiwe vya kibofu. Hivyo, tangu kuzaliwa kwake, istilahi hii ilifungamana na zao la mwisho la umetaboli wenyewe.

Adenini na gwanini, purini mbili mashuhuri, ni sehemu ya DNA. Adenini imo pia katika ATP, kampaundi inayosafirisha nishati katika seli. Seli huzipata kwa njia mbili. Ya kwanza ni usanisi mpya, ambapo pete hujengwa hatua kwa hatua juu ya sukari ya ribosi yenye fosfeti. Ya pili ni uokoaji: purini zilizotokana na kuvunjwa kwa nukliotidi kuukuu huunganishwa tena na ribosi, na seli hupunguza matumizi ya nishati.

Zisizookolewa huvunjwa. Hipozanthini hugeuzwa kuwa zanthini, na zanthini kuwa asidi ya yuriki. Hatua zote mbili huendeshwa na kimeng'enya kimoja, zanthini oksidesi. Mamalia wengi wana kimeng'enya kingine, yurikesi, kinachoendelea kuibadili asidi hiyo kuwa alantoini, ambayo huyeyuka kwa urahisi zaidi. Binadamu hana yurikesi inayofanya kazi, hivyo hutegemea hasa figo kuitoa asidi hiyo. Ikizidi takriban miligramu 6.8 kwa desilita ya damu, yureti inaweza kuganda na kuwa fuwele ndani ya viungo, mara nyingi katika kidole gumba cha mguu. Mwili huzishambulia fuwele hizo, na hapo ndipo uvimbe na maumivu makali hutokea.

3.0 Jongo au Baridi Yabisi?

Maradhi hayo kwa Kiswahili ni jongo. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku maumivu ya viungo ya aina nyingi huitwa baridi yabisi. Maneno haya mawili yana asili ya Kiarabu na maana zake ni 'baridi' na 'kavu', sifa mbili kati ya nne zilizotumiwa na tiba ya kale ya Kiyunani na Kiarabu kueleza maradhi.

Jina hilo halikosi ukweli wote. Yureti huyeyuka kwa shida zaidi penye baridi, jambo linalosaidia kueleza kwa nini ncha za miguu huathirika. Lakini baridi si chanzo cha asidi kuzidi. Mgonjwa wa jongo anayeambiwa ana baridi yabisi huweza kujifunika blanketi na kuacha kupima damu, ilhali dawa kama alopurinoli hufanya kazi kwa kuzuia zanthini oksidesi, si kwa kufukuza baridi.

Vivyo hivyo, kuita asidi ya yuriki 'asidi ya mkojo' kunaeleweka upesi, lakini humwelekeza msomaji kwenye kibofu wakati hatari ya jongo imo katika damu na viungo.

4.0 Hitimisho

Inapendekezwa kwamba jongo litengwe kwa maradhi ya fuwele za yureti, na baridi yabisi libaki jina la jumla la kimazoea. Istilahi za kemia nazo zitoholewe kwa pamoja, ili udugu wa hipozanthini, zanthini na zanthini oksidesi uonekane katika maumbo yake. Istilahi zikipangwa hivyo, msomaji ataweza kufuata njia nzima, kutoka seli hadi kidole kinachouma.