Upole wa Kauli, Uwazi wa Maana

Katika majumba yetu ya pwani neno halitoki wazi, huvishwa kwanza. Mama mkwe atakaye nguo zianuliwe hasemi, "Anua nguo." Hutazama juu akasema, "Mwanangu, wingu lile laja." Binti aliyelelewa Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa huinuka papo hapo. Lakini mkaza mwana aliyeolewa kutoka bara huenda akajibu kwa heshima zote, "Naam mama, naliona," akaendelea na kazi yake. Mvua hunyesha, nguo zikarowa, na moyo wa mama ukaingia doa.

Usiku huwa kinyume chake. Mkaza mwana huonja mchuzi akasema, "Mama, chumvi imezidi." Kwao aliyekwambia kweli ndiye anayekupenda, ilhali kwa mama ni kuvunjiwa heshima mbele ya wanawe. Hapana mkosa adabu kati ya wawili hao. Kila mmoja ameitumia adabu aliyofunzwa kwao.

Jambo hili halipo kwetu peke yetu. Mtaalamu wa Kimarekani, Edward Hall, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1976 kwamba ziko jamii ambazo sehemu kubwa ya maana hubebwa na hali, wakati na nafasi ya msemaji, na ziko nyingine, kama Wajerumani, ambazo hutaka maneno yenyewe yabebe kila kitu. Wala tusidhani kuwa bara hakuna mafumbo. Yako, ila fumbo hufumbuliwa na aliyelelewa nalo.

Mafumbo yetu yana hekima. Leso inunuliwayo Mtaa wa Biashara, Mombasa, huchaguliwa kwa jina lake kama ichaguliwavyo kwa rangi. Mwanamke huivaa, jirani akasoma, na ujumbe ukafika pasi na kelele. Aliyeambiwa hana ulazima wa kujibu, na mlango wa suluhu hubaki wazi.

Hata hivyo fumbo lina mpaka, na mpaka huo ni haki ya mtu. Mdai anayezungukazunguka kwa haya humwachia mdaiwa nafasi ya kusahau. Mgonjwa asemaye "Alhamdulillah, sijambo" mbele ya daktari hujidhuru mwenyewe. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na wangapi kati yetu husema "Inshallah" wakikusudia "La"? Neno hilo tumefunzwa tulitamke tunapoazimia jambo. Kulifanya pazia la kukataa ni kulidhulumu.

Sheria yetu imelizingatia hili katika ndoa. Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa bikira aombwe idhini, na kimya chake ni idhini, kwa kuwa huona haya. Lakini aliyekwisha kuolewa hutakiwa atamke. Haya imeheshimiwa, na haki haikupotezwa. Basi mzazi anayeona machozi na uso uliokunjamana asijifanye kuwa amesikia "ndiyo".

Tutazame pia Nabii Musa na nduguye Harun (A.S.). Mwenyezi Mungu aliwaamuru wamwendee Firauni kwa kauli laini, na wakaenda. Pamoja na ulaini huo, ujumbe haukufichwa: wawaachilie Wana wa Israili. Kumbe upole hukaa katika sauti na maneno, wala hauhitaji maana ifichwe.

Kwa hivyo, mama mkwe, unapoona fumbo halikufahamika, usilirudie kwa ukali. Sema, "Mwanangu, nisaidie kuanua nguo." Nawe mkaza mwana, kweli yako ya mchuzi mpelekee mama jikoni, mkiwa wawili. Na wewe mume, unayezijua lugha zote mbili, usikae kimya ukingojea ugomvi uishe wenyewe. Mfasirie mkeo maneno ya mama, na mfasirie mama nia ya mkeo. Nyumba nyingi huharibika kwa neno ambalo halikukusudiwa.

Mwenyezi Mungu azilainishe ndimi zetu na atupe ujasiri wa kusema kweli. Amin.