Nyuki wa Italia katika Barabara za Buluk

Mwanafunzi wa Kiswahili anayeishi Buluk, hapa Juba, akitaka kuandika insha kuhusu safari ya sokoni kwa kigari cha magurudumu matatu, hukwama kwenye jina. Kwa Kiarabu cha Juba ni raksha. Kitabu cha Tanzania kinasema bajaji, na ndugu yake aliyesomea Kenya anasema tuktuk. Lipi lisahihishwe? Kabla ya kujibu, yafaa tueleze kigari chenyewe kilikotoka.

Kiwanda cha Piaggio cha Pontedera, Italia, kiliunda ndege hadi kilipobomolewa kwa mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia. Baada ya vita watu walihitaji usafiri wa bei nafuu, na hata Fiat 500 ya 1936, iliyopewa jina la utani Topolino, yaani kipanya, iliwashinda wachuuzi wengi. Mhandisi Corradino D'Ascanio, aliyekuwa mtaalamu wa helikopta, alibuni skuta iliyotoka mwaka 1946 kwa jina la Vespa, maana yake nyigu. Mwaka 1948 gurudumu lake la nyuma liliondolewa, yakawekwa mawili pamoja na sanduku la mizigo. Injini ilikuwa ya sentimita za ujazo 125, na mzigo wake kilo 200. Hicho kiliitwa Ape, yaani nyuki. Jina hilo tunalipenda: nyigu hutembea tu, nyuki hufanya kazi.

Kampuni ya Bajaj ya India ilipata leseni ya Piaggio karibu mwaka 1960. Penye sanduku pakawekwa kiti cha abiria na paa la turubai. Usukani ukabaki wa pikipiki. Bajaj ni jina la ukoo wa waanzilishi. Watanzania wameliongezea irabu mwishoni, likawa nomino ya kawaida, hata kigari cha kampuni nyingine huitwa bajaji.

Tuktuk ni mlio wa injini, kama ilivyo pikipiki, na jina hilo lilivuma kutoka Thailand. Raksha ndilo lenye safari ndefu zaidi. Asili yake ni neno la Kijapani jinrikisha: jin ni mtu, riki nguvu, sha gari. Lilikuwa gari la kukokotwa na mtu, kwa hiyo jina limeitangulia injini kwa miaka mingi.

Basi mwanafunzi wa Buluk akiandika raksha, hatumkati alama, ingawa baadhi yetu idarani bado wanashikilia bajaji. Tunachosahihisha ni upatanisho. Wengi huandika "raksha kimeharibika" kwa kuwa akilini wana kigari. Majina haya yote matatu tunayaweka katika ngeli ya I-ZI: raksha imeharibika, raksha zimeharibika.