Hamisi wa Kigoma, Amisi wa Uvira: Kusaka Ukoo Katika Daftari la Wapiga Kura

Jina la Hamisi likivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hadi Uvira, mara nyingi hufika bila H. Upande wa Kongo, makarani waliosoma kwa Kifaransa huandika Amisi. Juma huwa Djuma, Rajabu huwa Radjabu, Ramadhani huwa Ramazani. Sikio halijali, lakini kompyuta inajali, na hapo ndipo anayesaka ukoo wake hupotea njia.

Wanaosaka si haba. Vita vya 1996 vilipofika Uvira, watu wengi wa mwambao huu, hadi Baraka na Fizi, walivukia Tanzania na kupokelewa katika kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Wengine walihamishiwa Marekani, na huko wajukuu wanauliza: sisi ni wa nani?

Uingereza, swali kama hilo huanzia kwenye madaftari ya wapiga kura. Wanayo tangu 1832, na mengi yamewekwa kwenye intaneti: unaandika jina, unaletewa mtaa na mwaka. Kongo hali ni nyingine. Uchaguzi wa kitaifa wa Mei 1960 ulikuwa wa wanaume peke yao, kwa hiyo bibi zetu hawamo. Uandikishaji wa 2005 ndio uliokusanya wapiga kura zaidi ya milioni 25 kwa kompyuta. Kwa kuwa sensa ya mwisho ilifanyika 1984 na raia walikaa miaka mingi bila kitambulisho cha taifa, kadi ya mpiga kura ndiyo iliyoshika nafasi hiyo. Kadi za miaka ya karibuni hutaja baba, mama na asili ya mwenye kadi. Kwa mtafuta ukoo, hiyo ni hazina.

Tatizo ni namna ya kutafuta. Mbinu kongwe ni Soundex, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918. Huacha herufi ya kwanza ilivyo, hutupa irabu, kisha hugeuza konsonanti kuwa tarakimu. Hamisi hutoka H520, Amisi A520. Juma ni J500, Djuma ni D250. Mtu mmoja, misimbo miwili; mashine inaapa kwamba hawajuani.

Mwaka 1965 Mrusi Vladimir Levenshtein alipendekeza kipimo kingine: hesabu ni herufi ngapi za kuongeza, kuondoa au kubadilisha ili neno moja liwe jingine. Kutoka Hamisi hadi Amisi ni hatua moja. Ramadhani hadi Ramazani ni hatua mbili. Lakini kutoka Amisi hadi Amina pia ni hatua mbili, na huyo ni mwanamke, mtu mwingine kabisa.

Dawa ilielezwa na Ivan Fellegi na Alan Sunter mwaka 1969: usipime jina peke yake, jumlisha ushahidi, na kila kipengele kipewe uzito wake. Kinachopatikana kwa wengi kina uzito mdogo. Akina Amisi wamejaa mwambao mzima, hivyo kulingana kwa jina hilo kunathibitisha kidogo. Jina la mama, kijiji na usultani, uwe wa Bavira, wa Bafuliiru au wa Bonde la Ruzizi, vikikubaliana pamoja, mizani inaanza kulala upande mmoja.

Kuna mtego mwingine ambao hesabu za herufi haziutegui. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo ya kigeni. Joseph wa kitabu cha ubatizo cha parokia anaweza kuonekana kwenye karatasi za miaka iliyofuata kwa jina la mababu tu. Hapo anayeweza kuunganisha majina mawili ni mzee anayekumbuka.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kompyuta, kaa na wazee. Andika kila jina kwa tahajia zote, jina la mama, kijiji, mwami aliyetawala, na mwaka kwa kulinganisha na tukio: kabla au baada ya uasi wa Mulele wa 1964? Taarifa za walio hai zisitangazwe ovyo. Katika eneo lililoona vita vingi, orodha ya majina na asili za watu inaweza kumfikia mwenye nia mbaya. Na watengenezaji wa programu wa Bukavu, Bujumbura na Kigoma wana kazi inayowangoja: kuifundisha mashine kwamba Djuma na Juma huenda ni mtu mmoja. Kanuni hizo hazitatungwa na mgeni asiyewahi kusikia majina yetu yakiitwa.