Je, Haki ni ya Mwenye Nguvu?



Wazee walituachia misemo miwili inayogombana. Mmoja unasema, "Mwenye nguvu mpishe." Wa pili unasema, "Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni." Tunapofundisha mambo ya haki na amani, mara nyingi mtu husimama akasema, "Mwalimu, haki ni maneno tu. Haki ni vile mkubwa amesema." Tusimcheke. Ana sababu zake.

Nguvu huandika sheria

Hapa Kenya, wakoloni walitunga sheria ya kipande mwaka wa 1915, wakaanza kuitekeleza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kutembea nacho, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Ukiacha kazi kabla tajiri hajatia sahihi, una kosa. Mzungu hakuvaa. Askari aliyemkamata mtu alikuwa anafuata sheria, na hakimu aliyemhukumu vilevile. Sheria ilikuwepo. Haki je?

Harry Thuku na wenzake walikataa. Thuku alikamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Mmoja wa waliokufa ni Mary Muthoni Nyanjiru. Sasa fikirini: kama haki ingekuwa amri ya mkubwa tu, watu hawa wangejuaje kwamba amri hiyo ni mbaya? Walikuwa na kipimo kingine. Serikali haikuwapa kipimo hicho, na haikuweza kuwanyang'anya.

Shamba la Naboti

Someni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alitaka shamba la mizabibu la Naboti. Naboti akakataa, kwa kuwa ni urithi wa baba zake. Malkia Yezebeli akaandika barua kwa jina la mfalme na kutia muhuri. Watu wakatangaziwa mfungo, wakatafutwa mashahidi wawili wa uongo, na Naboti akapigwa mawe.

Kwa nini kuzunguka hivyo? Si mfalme alikuwa na askari? Angemuua tu. Lakini hata Yezebeli alijua kwamba unyang'anyi lazima uvalishwe nguo ya haki ndipo watu waukubali. Hakuna anayetengeneza noti bandia ya pesa ambayo haipo. Nabii Eliya alipofika, hakuuliza habari ya muhuri. Aliliita jambo kwa jina lake: mauaji na unyang'anyi.

Hata nyumbani kwetu

Tusiseme ni wakubwa wa Nairobi peke yao. Mashamba yalipokuwa yanapimwa na kuandikishwa miaka ya 1950 na baadaye, ni jina la nani liliandikwa? Mara nyingi la mwanamume peke yake. Mama aliyelima shamba hilo tangu aolewe akabaki bila jina kwenye hati, na tukaambiwa hiyo ndiyo mila.

Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inasema wanawake na wanaume wana haki ya kutendewa sawa. Kifungu cha 60 kinataka ubaguzi wa kijinsia katika sheria na mila za ardhi uondolewe. Je, mama huyo alianza kuwa na haki mwaka wa 2010? La. Haki ilikuwepo, ni karatasi iliyochelewa.

Basi msemo wa kwanza unatueleza yale yanayotendeka. Wa pili unatueleza yanayopasa kutendeka. Nguvu inaweza kuificha haki, hata kwa miaka mingi, lakini haiwezi kuitengeneza.

Pimeni kanuni zenu

Katiba ya kikundi pia huandikwa na wenye sauti. Chukueni kila kanuni mwulize:

1. Ilipoandikwa, ni nani walikuwepo na ni nani hawakuwepo?
2. Mzigo wake unamwangukia nani? Faini ya shilingi 50 kwa mwenye duka si sawa na shilingi 50 kwa mjane anayetembea saa mbili kuja mkutanoni.
3. Mwenyekiti au mweka hazina akiivunja, atalipa kama wengine?
4. Wewe ungekuwa ndiye mnyonge, ungeikubali?

Kanuni ikishindwa hapo, ibadilisheni mbele ya wanachama wote, na katibu aandike kwenye kitabu cha kumbukumbu. Kunung'unika njiani baada ya mkutano hakusaidii mtu.

Ya kujadiliana kikundini

– Katika kikundi chetu, ni nani hajazungumza katika mikutano mitatu iliyopita? Kwa nini?
– Ni kanuni gani tunaifuata kwa kuogopa mtu, wala si kwa sababu ni ya haki?